Mgeni Akishapewa Jembe, Apewe na Neno

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Tunashukuru kwamba mmeacha kazi za shamba mkaja kutusikiliza. Leo hatukuja na mbolea wala mbegu. Tumekuja na swali. Katika kijiji chenye makabila mengi, chenye Waislamu na Wakristo na wanaofuata dini za jadi, chenye wakulima na wafugaji, nani ana haki ya kusema mkutanoni? Na nani ana haki ya kuchagua viongozi?

Mtu atasema, "Hilo nalo ni swali? Kila mtu ana haki." Kwa mdomo tunakubali wote. Lakini sisi tunaozunguka vijijini tunaona mambo mengine.

Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaipenda sana, hasa wakati wa palizi. (Kicheko.) Haya, siku ya tatu mgeni analima. Mwaka wa tatu anachanga fedha za darasa. Mwaka wa kumi anabeba mawe ya zahanati. Mwaka wa ishirini anasimama mkutanoni aseme neno, na mtu mmoja kule nyuma anapiga kelele, "Kaa chini, wewe ni wa kuja!" Jembe tulimpa siku ya tatu. Neno tutampa lini?

Na hilo neno "wa kuja" tulitazame vizuri. Ukiuliza sana, katika vijiji vingi karibu wote ni wa kuja. Wametofautiana tarehe tu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali ilihamisha mamilioni ya watu ili wakae katika vijiji. Wengine walihama kwa hiari. Wengine walipakiwa kwenye malori na nyumba zao zikabomolewa. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Watu ambao hawakuwahi kuchota maji kisima kimoja wakaamka asubuhi ni majirani.

Hata kabla ya hapo watu walikuwa wakihama. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalijaa manamba kutoka kila upande: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Wangoni. Wengi hawakurudi walikotoka. Wakaoa, wakajenga, wakazika wazazi wao hapo hapo. Mjukuu wa manamba ambaye hajawahi kuiona Kigoma, ukimwambia arudi kwao, aende wapi?

Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na jibu lao. Mwaka 1926 walitunga sheria ya kutawala wenyeji kwa njia ya makabila. Kila kabila liliwekwa chini ya chifu wake. Mahali palipokuwa hapana chifu, walimtafuta mtu wakampa uchifu. Mtu akahesabiwa kwa kabila lake kwanza. Akivuka mto akaenda kukaa kwenye nchi ya chifu mwingine, alikuwa mgeni, hata kama ni nchi moja na kodi ni ile ile. Madaraka ya machifu katika serikali yalifutwa mwaka 1963. Sheria ilifutwa kwa siku moja, lakini mawazo hayafutwi hivyo.

KURA TATU

Hapa tunataka tukae kidogo, maana vijana wengi hawaijui habari hii.

Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, Tanganyika iligawanywa katika majimbo 10. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu wa baraza la kutunga sheria: Mwafrika mmoja, mtu wa asili ya Asia mmoja, na Mzungu mmoja. Si kila mtu alipiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato fulani, au elimu fulani, au cheo. Na ukishaingia kupiga kura, ulilazimika kuchagua watatu, mmoja wa kila rangi. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika.

Sasa hesabu. Nyie ni wahitimu, hesabu mnaijua. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Watu wa asili ya Asia hawakufika laki moja. Wazungu walikuwa kama elfu 20 na kidogo. Ni kama leo tuwaambie kwamba kitongoji cha kaya 400 kitoe mjumbe mmoja, kitongoji cha kaya 4 kitoe mjumbe mmoja, na mtu anayekaa peke yake kilimani naye atoe mjumbe mmoja. Mtakubali?

Chama cha TANU kilikutana Tabora mwezi Januari 1958 kujadili jambo hilo. Ubishi ulikuwa mkali. Wengi walitaka kususa. Mwishoni waliamua kuingia katika uchaguzi huo mbovu ili waushinde. Wakawatafuta Wazungu na Wahindi waliokubali kwamba nchi hii ijitawale, wakawaunga mkono pamoja na wagombea wa Kiafrika. Wagombea waliokuwa upande wa TANU wakashinda.

Tazameni kilichotokea hapo. Mkoloni alitaka mpiga kura aangalie rangi. Mpiga kura akaenda na karatasi yake, akaangalia rangi kwa sababu amelazimishwa, lakini ndani ya kila rangi akauliza, "Huyu anataka nini? Yuko upande gani?" Swali lile lilikuwa zuri kuliko karatasi yenyewe.

Ubaya wa kura tatu haukuwa hesabu peke yake. Hata kama hesabu ingekuwa sawa, mpango ule ulimfunga mtu katika fungu lake. Mhindi atamsemea Mhindi, Mzungu atamsemea Mzungu, basi. Tunasema hivi kwa sababu leo kuna vijiji ambavyo watu wanataka kugawana viti kwa kabila. "Mwenyekiti awe wa kwetu, mweka hazina awe wa kwao." Inaonekana kama haki. Lakini je, yule ambaye baba yake ni Mgogo na mama yake Mrangi atagombea fungu lipi? Na siku mjumbe wa kabila lako akila fedha za kijiji, utamwondoa, au utamficha kwa sababu ni wa kwenu?

Kitongoji ni kitu kingine. Kitongoji kinakuwa na mwenyekiti wake, naye anaingia katika halmashauri ya kijiji. Anayehamia kitongojini akakaa ni mtu wa hapo. Hakuna mtu anayehamia kabila. Kwa hiyo sisi tunaona ni afadhali mtu awakilishwe kwa mahali anapolala kuliko kwa damu ya babu yake.

Mwezi Oktoba 1961, uhuru ukiwa karibu, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Walikuwa na uchungu wao, maana walikuwa wameonewa kwa rangi yao miaka mingi. Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa katakata. Serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kama muswada ungekataliwa. Ulipita. Mmoja wa waliofaidi uamuzi ule ni Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi. Alikuwa Mbunge wa Morogoro, tena akawa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi.

KISIMA CHA PAMPU

Tuache mambo ya Bunge, turudi kijijini.

Kijiji kimoja, jina lake tuliache, kilipata msaada wa kuchimba kisima cha pampu. Kilikuwa na vitongoji vinne. Vitatu vya wakulima, kimoja cha wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Mkutano wa kupanga mambo ya kisima ukaitishwa saa mbili asubuhi. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Kutoka ofisini mpaka kwa wafugaji ni mwendo wa saa mbili. Na saa mbili asubuhi mfugaji yuko na ng'ombe wake njiani.

Hakuna aliyewafukuza. Tunalisisitiza hilo. Hakuna aliyesema wasije. Hawakuja tu. Na walipokosekana watu wakasema, "Mnaona? Hawa hawapendi maendeleo."

Mkutano ukaamua pampu izungushiwe uzio, ng'ombe wasisogee, akionekana ng'ombe mwenyewe atozwe faini. Birika la kunyweshea mifugo halikutajwa hata kidogo.

Kiangazi kikafika. Mto ukakauka. Ng'ombe wakaja, maana ng'ombe hasomi tangazo. Uzio ukavunjwa. Faini zikatozwa, zikagomewa. Usiku mmoja mkono wa pampu ukaondolewa, mpaka leo haijulikani ni nani. Vijana wakapigana kwa fimbo, wawili wakalazwa hospitali. Na kina mama, wa wakulima na wa wafugaji, wakarudi kuchimba maji mchangani mtoni kama zamani. Waliokuwa wakali kwenye mkutano walikuwa wanaume. Walioteseka kutafuta maji walikuwa wanawake.

Mkutano wa pili tulikuwepo. Ulifanyika alasiri, chini ya mti ulio katikati ya vitongoji. Mbiu ilipigwa kuanzia kitongoji cha mbali. Ulichukua karibu saa nne. Watu walitukanana kidogo mwanzoni. Halafu bibi mmoja Msukuma akasimama akaanza kusema Kisukuma. Wengine wakaguna, "Sema Kiswahili!" Mwenyekiti akawanyamazisha, akamwita mtoto wa shule atafsiri. Bibi aliuliza jambo moja tu: "Mkijenga birika, nani ataliosha?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Birika lisiloshwe, tope na kinyesi vinarudi kisimani.

Kutokana na swali lile wakapanga yote. Birika likae hatua hamsini kutoka kwenye pampu, upande wa mteremko. Wafugaji walipe kwa idadi ya ng'ombe. Kuosha ni zamu ya wafugaji, kutengeneza uzio ni zamu ya wakulima. Wafugaji wawili wakaingia kamati ya maji, mmoja wao mama ambaye akapewa uhazini. Pampu ikarudi kufanya kazi. Hawakuanza kupendana, tusidanganyane. Wanaendelea kulalamikiana mpaka leo. Lakini wanalalamikiana ndani ya kamati.

Kiswahili ni lugha yetu sote, na bila hicho tusingeelewana. Hata kisomo mlichohitimu ni cha Kiswahili. Ila Kiswahili kisigeuzwe fimbo ya kumnyamazishia bibi kizee. Mtafsiri hagharimu kitu.

Penye ugomvi kama huo, mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko pampu kuharibika. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba mkutano mmoja ungeyazuia mauaji yale. Ugomvi wa ardhi na maji una mizizi mirefu. Tunasema tu kwamba watu wasiokutana mchana kuzungumza, wanaweza kukutana usiku na silaha.

SHERIA INASEMAJE

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake, mahali alipotokea, rangi, dini au kwa kuwa ni mwanamke au mwanaume. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda na kuishi sehemu yoyote ya nchi. Ibara ya 21 inampa haki ya kushiriki katika utawala. Na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Haisemi kila mwenyeji wa asili. Inasema mkazi.

Ardhi je? Maana hapo ndipo moto unapowaka. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Kwa hiyo mkikosa mkutanoni, msilie baadaye kwamba ardhi imegawiwa. Na anayehamia haruhusiwi kuingia tu na kufyeka. Haki ya kuishi popote haimruhusu mtu kuingiza ng'ombe mia tatu katika shamba la mpunga la mwenzake. Anapita kwenye halmashauri kama wengine.

Sasa wengine wanauliza: kama kila kabila lina mila zake, kwa nini kijiji kiingilie? Jibu ni kwamba mambo mengi hakiingilii. Ngoma yako, chakula chako, namna yako ya kuoza na kuzika, utani wako na watani zako, hayo ni yako, na kijiji kinapendeza kwa hayo. Mngoni na Mhehe wanataniana mpaka msibani, na walipigana vita zamani. Lakini sheria ile ile ya 1999 inakubali mila katika mambo ya ardhi, kisha inaweka mpaka: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi haina nguvu.

Mama zetu mtatuelewa haraka hapa. Mwanamke aliyeolewa kutoka kabila jingine ni wa kuja mara mbili. Ni wa kuja kijijini na ni wa kuja katika ukoo. Miaka thelathini amelima shamba lile. Mume akifa, ndugu wa mume wanaleta mila, na watu wengine wananyamaza wakisema, "Hayo ni mambo ya kabila lao." Hapo kunyamaza si heshima kwa mila ya mtu. Ni kumwacha jirani peke yake. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na baraza la ardhi la watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Mjane aende huko. Wahitimu mnaojua kuandika mwandikieni maelezo yake, kama yeye hajafika hatua hiyo.

WASIO NA KARATASI

Kuhudhuria mkutano ni kwa wakazi. Kupiga kura ya kuchagua viongozi ni kwa raia. Hapa panaleta maneno mengi, hasa mikoa ya mpakani.

Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi wakaingia kwetu. Walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori wakalima, wakalisha hata miji. Watoto wakazaliwa, wakasoma shule zetu. Lakini walikaa zaidi ya miaka arobaini wakiwa wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Tangu hapo wana haki ya kupiga kura kama wewe. Akitokea mtu akamwambia mmoja wao "rudi Burundi" siku ya uchaguzi, huyo ndiye anayevunja sheria, si yule anayeambiwa.

Na sisi pia tuna ndugu zetu waliokuwa upande wa pili wa jambo hili. Wamakonde walikwenda Kenya tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani. Walizaa, wakazeeka, lakini hawakutambuliwa kuwa raia. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kupiga kura, na askari akikukuta njiani una kesi. Mwezi Oktoba 1976? Hapana, ni 2016, juzi tu! Waliondoka Kwale wakaandamana kwenda Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tulifurahi wote tuliposikia. Basi furaha ile ile tuwe nayo kwa anayepata haki hapa kwetu.

Tunao watu ambao wakati wa uchaguzi wanamzushia mgombea kwamba si raia, kwa sababu tu jina lake linafanana na majina ya ng'ambo ya mpaka. Uraia unaamuliwa na Idara ya Uhamiaji na mahakama, kwa karatasi na ushahidi. Hauamuliwi kwa umbo la pua. Mwenye shaka apeleke shaka yake huko. Na wewe mwenye wasiwasi na karatasi zako, usingoje siku ya uchaguzi. Tafuta cheti cha kuzaliwa, fuatilia kitambulisho cha Taifa, waandikishe watoto wanapozaliwa.

Limebaki la mkutano wenu wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti na mtendaji wanapopanga siku, wasiweke Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, wala saa ya kupeleka ng'ombe machungani, wala saa ambayo kina mama wako jikoni. Ni vigumu kupata saa inayomfaa kila mtu. Basi zibadilishwe kwa zamu, ili asiumie mmoja kila mara. Mbiu ianzie mbali. Na wahitimu mtakaoandika kumbukumbu, andikeni neno la kila aliyesema pamoja na kitongoji chake. Kabila msiandike. Baada ya mikutano mitatu fungueni daftari, muone ni kitongoji gani hakijasema kitu.

Sasa tunakaribisha maswali. Tungependa la kwanza litoke kule nyuma, kwa wale waliosimama mlangoni.